Saa janja: Mkulima asiuziwe mbuzi kwenye gunia

FEDHA za mazao hazikai sana mfukoni, na wachuuzi wa bidhaa za umeme wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana msimu wa korosho ukifika Mtwara, pamba Shinyanga au kahawa Kagera, meza za vifaa vya kielektroniki huongezeka kwenye minada na vituo vya mabasi. Miaka ya nyuma meza hizo zilijaa redio, kisha zikaja simu. Sasa kuna bidhaa nyingine inayopigiwa debe: saa janja.

Saa hiyo hufungwa mkononi na kuunganishwa na simu kwa njia ya Bluetooth. Huonyesha ujumbe ulioingia, huhesabu hatua na hupima mapigo ya moyo. Kwa mfanyabiashara mwenye wateja wengi na mikono yenye shughuli, kuona ujumbe wa malipo bila kutoa simu mfukoni si jambo la kubeza.

Tatizo ni jinsi inavyouzwa. Kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, muuzaji husifu ukubwa wa kioo, rangi zake na picha zinazobadilika. Ni nadra kumsikia akieleza kilichomo ndani, na ni nadra zaidi kumsikia mnunuzi akiuliza.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Thamani ya saa janja haiko usoni, iko ndani. Mafundi waliozifungua saa za kampuni mbalimbali katika miaka kumi iliyopita wamethibitisha kwamba saa mbili zinazofanana kwa sura na kwa bei zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Moja hutengenezeka, nyingine ikiharibika ni ya kutupwa. Kwa mtu anayenunua kwa fedha ya magunia ya mahindi, tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Ndani kuna nini?

Saa janja ikifunguliwa, kinachoonekana kwanza chini ya kioo ni betri, ambayo huchukua sehemu kubwa ya nafasi. Inayofuata ni bodi yenye chipu, ambayo ndiyo ubongo wa saa. Kuna mota ndogo inayotetemesha mkono ujumbe unapoingia, na kuna antena ya kuwasiliana na simu.

Sehemu ya nyuma inayogusa ngozi huwa na taa ndogo za kijani na kihisi cha mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapodunda, kiasi cha damu chini ya ngozi hubadilika, na mwanga unaorudi kwenye kihisi hubadilika pia. Saa huhesabu mabadiliko hayo na kuyaita mapigo ya moyo.

Hatua huhesabiwa na kihisi kingine kidogo kinachotambua mtikisiko na mwendo. Baadhi ya saa huongezewa kipokezi cha mawimbi ya setelaiti ili kujua mahali mtu alipo. Kwa saa nyingi za kawaida, hayo ndiyo mambo makubwa yaliyomo. Yanayobaki ni programu na maneno ya muuzaji.

Tofauti kati ya kampuni na kampuni basi haitokani sana na orodha ya vitu vilivyomo. Inatokana na namna vilivyofungwa, muda vinavyodumu, na kama kuna mtu anayeweza kuvibadilisha vikichoka.

Betri ndiyo saa

Mfano mzuri ni saa ya kwanza ya Apple, iliyoanza kuuzwa Aprili 24, 2015. Kampuni ya iFixit ya Marekani, inayojulikana kwa kufungua vifaa na kuvipa alama kulingana na urahisi wa kuvitengeneza, iliifungua mara tu ilipotoka na kuipa alama tano kati ya kumi.

Kioo chake kilikuwa kimeshikiliwa kwa gundi. Kikishabanduliwa, betri ilitoka bila shida kubwa. Lakini chipu na vipande vinavyoizunguka vilikuwa vimefunikwa pamoja na kugandishwa kama kitu kimoja. Kipande kimoja kikifa, fundi hana pa kushika.

Saa ndogo ya toleo hilo ilikuwa na betri ya 205 mAh, kipimo ambacho kila fundi simu hukikuta kimeandikwa juu ya betri. Simu nyingi za siku hizi zina betri ya karibu 5,000 mAh. Maana yake betri ya saa hiyo haifikii hata sehemu moja ya ishirini ya betri ya simu. Apple iliahidi ingekaa na chaji kwa muda wa saa 18, yaani mwenye nayo alitakiwa kuichaji kila siku.

Kuchaji kila siku kuna gharama mbili. Ya kwanza ni uchakavu. Apple yenyewe hueleza kuwa betri za saa zake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Anayechaji mara moja kwa siku hufika hapo baada ya miaka miwili na miezi tisa hivi. Saa iliyokuwa ikikaa muda wa saa 18 itakuwa ikikaa saa 14 na nusu hivi, na itazidi kushuka.

Gharama ya pili ni ya kuchajisha. Bado wapo wakulima wanaolipia kuchaji simu dukani au kwenye kibanda chenye umeme wa jua. Kama bei ni Sh300 kwa mara moja, anayechaji saa kila siku atalipa Sh109,500 kwa mwaka. Fedha hiyo ni nje ya bei ya saa, na ni nje ya gharama ya simu ambayo nayo inahitaji chaji.

Sasa ilinganishwe na saa ya Amazfit Bip iliyotengenezwa na kampuni ya Huami ya China na kuingia soko la nje mwaka 2018. Betri yake ni ya 190 mAh, yaani ndogo kuliko ile ya Apple. Hata hivyo, mtengenezaji alieleza kuwa ingekaa mwezi mmoja bila kuchajiwa.

Siri haikuwa kwenye betri. Ilikuwa kwenye kioo kinachosomeka kwa mwanga wa jua badala ya kujiwashia taa kila mara, na chipu ya kawaida isiyokuwa na njaa ya umeme. Kwa hesabu ile ile ya Sh300, mwenye Bip angelipa Sh3,600 kwa mwaka. Aidha, katika miaka miwili na miezi tisa angekuwa ameichaji mara 33 tu, huku mwenzake akifikisha mara 1,000.

Betri yoyote huzeeka kwa miaka na kwa joto hata isipotumika sana, hivyo Bip nayo haidumu milele. Lakini mkulima anayejua tofauti ya ng'ombe anayekula sana na anayekula kiasi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Gundi au skrubu?

Kampuni zinapoulizwa kwa nini zinatumia gundi, hujibu kuwa ni kwa ajili ya kuzuia maji na kuifanya saa iwe nyembamba. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ushahidi unatoka kwa kampuni moja yenyewe.

Google ilitoa saa yake ya kwanza, Pixel Watch, Oktoba 2022. Ilikuwa na betri ya 294 mAh na kioo cha duara kilichochomoza juu kama tone la maji. Ilipendeza machoni, lakini kioo kilichochomoza ndicho kinachogonga ukuta kwanza. Mwaka 2023, wateja waliovunja vioo walipolalamika, kampuni ilithibitisha kuwa haikuwa na utaratibu wa kuvitengeneza. Saa ya dola 350 za Marekani ikawa inakufa kwa ufa mmoja.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2025, kampuni hiyo hiyo ilileta Pixel Watch 4. Umbo ni lile lile la duara na kioo bado kimechomoza. Safari hii ndani kuna skrubu na mpira wa kuzuia maji, na kioo na betri vyote vinaweza kutolewa na kubadilishwa. iFixit iliipa alama tisa kati ya kumi. Saa hiyo imetangazwa kustahimili maji kwa kipimo cha 5 ATM, na bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa karibu sawa na ile ya mwaka 2022.

Yaani kwa fedha ile ile, umbo lile lile na maji yale yale, saa moja haitengenezeki na nyingine inatengenezeka. Hakuna sheria ya maumbile iliyobadilika katika miaka hiyo mitatu. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtengenezaji, na uamuzi huo ulikuja baada ya wanunuzi kupiga kelele.

Hapa kuna tahadhari moja kwa watu wa mashambani. Mpira wa kuzuia maji huchakaa. Jasho, sabuni, vumbi na kemikali huufupishia maisha, na saa ikishafunguliwa na fundi asiyeurudisha sawasawa, maji yataingia. Anayepulizia dawa shambani au kuogesha mifugo ni vyema aivue saa, hata kama muuzaji alimhakikishia kuwa haiogopi maji.

Kampuni ikifunga milango

Saa ya kawaida haijali kama aliyeitengeneza yu hai au amekufa. Saa janja inajali sana, kwa sababu hutegemea programu ya kwenye simu na mara nyingine mitambo ya kampuni iliyoko mbali.

Mwaka 2012, kampuni changa ya Pebble ya Marekani ilichangisha zaidi ya dola milioni 10 kwa njia ya mtandao kutoka kwa watu karibu 69,000 waliotaka saa yake. Saa hiyo ilitoka ikiwa na kioo kisichomeza umeme na betri ya hadi siku saba. Wengi waliipenda.

Desemba 2016 Pebble ilifungwa na mali zake nyingi kununuliwa na Fitbit, na Juni 30, 2018 mitambo iliyokuwa ikizihudumia saa hizo ikazimwa. Saa zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa zimeharibika, lakini baadhi ya huduma zake zilikoma siku hiyo. Wapenzi wa saa hizo walijitolea kuanzisha mitambo mbadala, na Januari 2025 Google, iliyokuwa imeinunua Fitbit, iliweka hadharani programu ya Pebble ili watu waiendeleze. Huo ulikuwa mwisho mwema ambao bidhaa chache huupata.

Hata kampuni isiyofungwa huweza kuiacha saa njiani. Saa ile ya Apple ya mwaka 2015 iliuzwa pia katika toleo la dhahabu lililoanzia dola 10,000. Ndani ilikuwa na chipu ile ile ya saa ya dola 349. Septemba 2018 Apple ilipotoa programu mpya, matoleo yote ya mwaka 2015 yaliachwa nje. Dhahabu haikuiokoa saa, kwa kuwa kilichopitwa na wakati hakikuwa dhahabu.

Ikiwa hayo yaliwapata wanunuzi wa kampuni kubwa, hali ya saa isiyo na jina inayouzwa kwenye mnada inaweza kukisiwa. Programu yake ikiondolewa kwenye simu, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Saa ya skrubu nne

Ni haki pia kuilinganisha saa janja na mpinzani wake mkongwe anayejulikana hadi vijijini. Casio F-91W ilianza kuuzwa mwaka 1989 na bado inatengenezwa. Huonyesha saa na tarehe, ina kengele na taa, na hupima muda. Betri yake aina ya CR2016 hukaa karibu miaka saba. Nyuma ina mfuniko wenye skrubu nne, na fundi saa wa kando ya stendi huifungua kwa bisibisi ndogo.

Haihesabu hatua wala haionyeshi ujumbe. Lakini kwa mtu anayetaka kuamka saa kumi usiku awahi kukamua au awahi soko, inafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya gharama. Jambo la kuangalia ni nakala feki, ambazo ni nyingi sokoni.

Hoja hapa si kwamba kila mtu arudi kwenye saa ya mwaka 1989. Hoja ni kwamba mnunuzi aanze na kazi anayotaka ifanyike, kisha ndiyo atafute kifaa. Wengi hununua kifaa kwanza, halafu ndipo wanapoanza kukitafutia kazi.

Hesabu ya mwaka

Mkulima anayenunua pampu ya maji haangalii bei ya dukani peke yake. Huuliza itadumu misimu mingapi, inakula mafuta kiasi gani na spea zinapatikana wapi. Hesabu hiyo hiyo ifanywe kwa saa: bei ya kununua, jumlisha gharama za matengenezo, gawanya kwa idadi ya miaka itakayotumika.

Chukulia mifano mitatu ya bei za kukisia. Saa ya kwanza ni ya Sh45,000 na inakufa baada ya miezi sita. Kwa mwaka mwenye nayo atanunua mbili, hivyo gharama yake ni Sh90,000. Ya pili ni ya Sh180,000, betri yake haibadilishiki, na inatupwa baada ya miaka miwili. Gharama ni Sh90,000 kwa mwaka, sawa kabisa na ile ya bei poa.

Ya tatu ni ya Sh240,000. Baada ya miaka miwili na nusu fundi anabadilisha betri kwa Sh40,000 na saa inafika miaka mitano. Jumla ni Sh280,000, na kwa mwaka ni Sh56,000. Saa iliyoonekana ghali kuliko zote dukani ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote mkononi.

Kilicholeta tofauti hiyo ni betri ya Sh40,000 inayoweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Ikiondolewa, saa ya tatu nayo ingeishia miaka miwili na nusu kwa gharama ya Sh96,000 kwa mwaka, na ingekuwa mbaya kuliko zote. Ndiyo maana swali la namna saa ilivyofungwa si la mafundi peke yao. Ni swali la fedha.

Vipimo visivyokuwapo

Kuna hatari kubwa kuliko ya kupoteza fedha. Baadhi ya saa zinauzwa kwa madai kuwa hupima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi. Kwa mgonjwa wa kisukari aliye mbali na zahanati, maneno hayo ni matamu.

Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari zenyewe bila kutoboa ngozi, na ikaeleza kuwa haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo. Onyo hilo halihusu saa zinazopokea tu namba kutoka kwenye kipimo kingine halali kilichobandikwa mwilini. Linahusu zile zinazodai kupima zenyewe.

Anayejua kilichomo ndani ya saa ataelewa sababu. Taa za kijani na kihisi cha mwanga huhesabu mapigo ya moyo. Namba ya sukari inayotokea kwenye kioo cha saa ya aina hiyo si kipimo cha kuaminiwa. Mgonjwa akiitumia kuamua kiasi cha insulini cha kujichoma, anaweza kupoteza maisha.

Shinikizo la damu nalo linahitaji uangalifu. Hata Samsung, ambayo saa zake hupima shinikizo katika baadhi ya nchi, humtaka mtumiaji kuilinganisha saa na mashine ya kawaida ya kufunga mkononi kila baada ya siku 28. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho bado inaihitaji mashine ya zahanati, saa ya mnadani inayojidai haiihitaji inadanganya.

Leo saa, kesho trekta

Huenda mkulima akasema hana mpango wa kununua saa janja, hivyo habari hii haimhusu. Inamhusu. Kihisi kile kile kinachohesabu hatua za mtu ndicho kinachofungwa kwenye mguu au shingo ya ng'ombe wa maziwa katika nchi kama Israel na Uholanzi. Ng'ombe akiwa kwenye joto hutembea zaidi, kifaa hutoa taarifa, na mfugaji hawahi kumpandisha. Joto moja likipita, mfugaji husubiri siku nyingine 21 hivi, huku akiendelea kulisha bila kupata ndama wala maziwa.

Vifaa hivyo vina manufaa, na vitazidi kufika Afrika Mashariki. Vitakuja na maswali yale yale: betri yake inabadilishwa na nani, programu yake italipiwa kwa muda gani, na kampuni ikiondoka ng'ombe atabaki na nini shingoni?

Wakulima wa Marekani wameshaonja machungu hayo kwenye matrekta. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilikuwa la kwanza nchini humo kupitisha sheria inayowapa wakulima haki ya kupata spea, zana na programu za kutengenezea mashine zao wenyewe, na ilianza kutumika Januari 1, 2024. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Deere ikiituhumu kuwalazimisha wakulima kutegemea mawakala wake kwa matengenezo.

Ulaya nayo imechukua hatua. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa baadhi ya vifaa vilivyoainishwa, vikiwamo vile vinavyotumika zaidi kwenye maji. Bidhaa isiyokidhi matakwa hayo itatafuta soko kwingine. Nchi zisizo na masharti zijiandae kuwa soko hilo.

Kifanyike nini?

Ukurasa huu unaona kwamba mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza wa fedha yake. Kabla ya kulipa, apite kwa fundi simu anayemwamini na kumuuliza kama amewahi kuifungua saa ya aina hiyo na kama betri yake inapatikana. Fundi akisema haijawahi kufunguka mikononi mwake, hiyo ni taarifa yenye thamani kuliko tangazo lolote.

Aidha, aulize kuhusu chaja. Saa nyingi hutumia chaja ya sumaku isiyoingiliana na ya saa nyingine, na ikipotea bila mbadala saa imekwisha. Ahakikishe programu ya saa inakubali kwenye simu aliyonayo, na aijaribu hapo hapo dukani. Mwisho adai risiti iliyoandikwa aina ya saa na muda wa dhamana.

Wafanyabiashara nao wana nafasi ya kujijengea jina. Duka linalouza saa pamoja na betri, vioo na chaja za akiba litapata mteja anayerudi. Anayeuza na kumkimbia mteja humpata mara moja tu.

Kwa upande wa Serikali, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, itoe tamko la wazi kuhusu saa zinazouzwa kama vipimo vya sukari na kuziondoa madukani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Tume ya Ushindani zitake kila kifaa cha aina hii kionyeshe kwenye boksi kama betri yake inabadilishika na kwa muda gani programu yake itahudumiwa. Wenzao wa Kenya na Uganda wafanye vivyo hivyo, maana mzigo uliozuiwa katika mpaka mmoja hupenya kwa mwingine.

Vyuo vya VETA vina kazi pia. Fundi anayefungua saa za gundi kwa kisu cha kukatia mkate anahitaji mafunzo na zana sahihi, na anahitaji kujua namna ya kushughulikia betri za lithiamu, ambazo zikitobolewa huweza kuwaka moto. Kuzitupa kwenye shimo la takataka linalochomwa kila jioni nyumbani ni hatari kwa familia.

Hakuna kati ya haya kinachopinga teknolojia. Saa ya Google ya mwaka 2025 imeonyesha kuwa kampuni zinaweza kutengeneza kifaa kizuri kinachofunguka, na kwamba huweza kufanya hivyo wateja wakilazimisha. Mteja wa Tandahimba au Kitale ana haki ya kulazimisha kama mteja wa California, lakini haki hiyo huanza kwa kuuliza kilichomo ndani kabla fedha haijatoka mfukoni. Mkulima hanunui ng'ombe bila kumfunua mdomo na kumtazama meno. Asinunue saa bila kujua kama inafunguka.